Pombe ya Ulezi na Kilabu Kipya cha Msanzi

Karibu kila kazi ya mikono ya Mtanzania ina mhakiki wake. Kitabu kikitoka, yupo wa kukisifu na yupo wa kukiponda. Bendi ikitoa wimbo mpya, watu watabishana juu ya gitaa la solo na maneno ya mtunzi. Mchezaji akikosa penalti Jumapili, Jumatatu mguu wake utachambuliwa toka unyayo hadi goti. Pombe ya kienyeji haina mhakiki. Ikitajwa, hutajwa katika habari za polisi, au katika hotuba ya kiongozi anayeamuru vilabu vifungwe mpaka watu watoke mashambani. Hakuna anayeuliza kama pombe yenyewe ilikuwa nzuri.

Kwa maoni yangu huu ni upungufu mkubwa. Mahali ambapo mnunuzi anauliza swali moja tu, yaani kama inalewesha ama hailewesha, mpishi mwangalifu na mpishi mzembe watauza sawasawa. Mwangalifu atatumia wiki mbili, mzembe atatumia siku mbili, na fedha watakazopata ni zile zile. Haipiti miaka mingi mwangalifu naye huchoka, akaanza kupika kama mwenzake. Ndiyo sababu nimeamua kuandika juu ya kilabu kimoja kipya nilichokitembelea Msanzi, na kukihakiki kama ambavyo wengine huhakiki kitabu au mchezo wa kuigiza: kilicho kizuri nikiseme, kilicho kibaya nacho nikiseme, pamoja na sababu.

Kwanza nieleze kwa nini kilabu cha kijijini kistahili heshima hiyo. Mwaka 1971, wanywaji wanne wa Uingereza walichoshwa na bia za viwanda vikubwa zilizochujwa mno na kujazwa gesi, wakaanzisha chama cha kutetea bia ya asili. Chama hicho, CAMRA, kikaja kuwa na wanachama wengi sana. Marekani nako, mwaka 1976, Jack McAuliffe alianzisha kiwanda kidogo cha bia kiitwacho New Albion huko Sonoma, California. Kilifungwa mwaka 1982, lakini waliomfuata wamefungua maelfu ya viwanda vya namna hiyo. Fahari ya viwanda hivyo ni chumba cha kunywea kilicho hatua chache tu kutoka kwenye mapipa: mnywaji anamwona mpishi, anamwuliza maswali, na anakunywa kitu ambacho hakikusafirishwa. Ndugu zetu waliokaa ng'ambo wakirudi hutusimulia habari hizo kama maajabu. Lakini mtu wa Ufipa ataona ajabu gani hapo? Pombe yake haijawahi kunywewa kwa namna nyingine. Imepikwa na mama anayemjua, kwa nafaka iliyolimwa karibu, nayo ikilala siku mbili zaidi ya siku yake haifai tena. Waingereza na Wamarekani walipaswa kupigania upya jambo ambalo sisi tunalo uani, na ambalo tunalionea haya.

Msanzi ni miongoni mwa vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, leo ikiwa ndani ya Wilaya ya Kalambo. Ni nchi ya upepo na baridi. Mwezi Juni na Julai utaona wazee wamevaa makoti mazito hata saa sita za mchana. Mwenye kilabu ni mama wa makamo aliyefundishwa kupika na mama yake kabla hajaolewa. Kwa miaka mingi aliuza uani kwake, chini ya paa la nyasi. Sasa amejenga chumba cha matofali ya kuchoma, kimeezekwa bati, sakafu ni ya saruji, na madirisha yake mawili makubwa yana wavu. Jiko liko nyuma, na kati ya jiko na chumba cha wanywaji pana mlango ambao haufungwi. Ukikaa upande wa kushoto unaviona vyungu, kuni, na wasichana wawili wanaochekecha unga.

Nilimwuliza kwa nini aliuacha mlango wazi, wakati wenzake wengi huficha jiko.

"Anayetaka kujua anakunywa nini, baba, na aangalie," alinijibu. "Mimi sina cha kuficha isipokuwa moshi, na moshi wenyewe haufichiki."

Jambo hili nalisifu kabla ya mengine yote. Sakafu ya saruji huoshwa kwa maji ikakauka, jambo lisilowezekana kwenye udongo. Mlango wazi nao humfanya mpishi aangaliwe kila siku na watu arobaini wenye kiu, na hakuna mkaguzi wa afya aliye mkali kuwashinda hao.

Sasa nije kwenye pombe yenyewe. Wafipa, pamoja na majirani zao wa mpakani, wana pombe nzito ya ulezi waiitayo kimpumu. Mama huyu huanza kwa kuloweka ulezi siku nzima na usiku wake, kisha huutia katika gunia lenye unyevu na kuufunika hadi uchipue. Siku za joto huchukua siku tatu. Siku za baridi huweza kufika tano au sita, na hapo ndipo ustadi unapojulikana. Vichipukizi vikiwa vifupi mno, sukari haijatoka kwenye nafaka. Vikirefuka mno, pombe itakuwa chungu. Yeye hupenyeza mkono guniani alfajiri, akapima joto kwa kiganja, akachomoa punje chache na kuzitafuna. Akiridhika, huuanika ulezi juani mpaka ukauke, kisha husagwa. Huo ndio kimea.

Upande wa pili huandaa unga mwingine wa ulezi, akaulowanisha na kuuacha uchachuke, halafu huukaanga juu ya karai mpaka ubadilike rangi na kunukia kama ukoko wa mkate. Ukishapoa huchanganywa na kimea na maji kidogo, ukarudishwa chunguni, ukafunikwa. Unakaa humo siku kadhaa ukiumuka wenyewe. Kinachopatikana si kinywaji bado, ni donge zito lenye harufu kali. Huwekwa katika chungu cha mezani, likamiminiwa maji ya moto, na wanywaji hufyonza kwa mirija yenye chujio ncha ya chini. Chungu kikikauka huongezwa maji ya moto tena, na tena, hadi ladha iishe.

Msomaji asiyeijua namna hii ya kunywa naomba asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye hekima ambayo sijaiona katika kinywaji kingine chochote. Chupa ya bia ya tano ina ukali ule ule wa chupa ya kwanza, wakati mnywaji hana tena akili ile ile. Chungu cha kimpumu kinakwenda kinyume chake. Maji ya kwanza ndiyo makali. Ya pili yana nguvu ya kiasi. Ya nne ni kama uji mwepesi wenye uchachu. Kadiri mnywaji anavyolegea, ndivyo pombe nayo inavyolegea. Isitoshe, hakuna anayeweza kuharakisha, kwa sababu maji ni ya moto, mrija ni mwembamba, na wenzako watatu wanakutazama. Mtu akifyonza mfululizo bila kuzungumza, wenzake watamkoholea. Waliobuni chungu hiki hawakuwa na sheria ya vileo, lakini walikijenga kwa namna ambayo kinajizuia chenyewe.

Niliionja Jumapili baada ya misa, chunguni pamoja na wazee watatu. Mfyonzo wa kwanza ni joto na moshi kidogo, kisha inakuja ladha ya ulezi uliokaangwa, kavu, karibu na kahawa isiyo na sukari. Uchachu unafuata nyuma, wa maziwa ya mgando kuliko wa ndimu. Utamu ulikuwapo, lakini ulibaki chini, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Katika maji ya pili moshi ulipotea na uchachu ukashika usukani. Kwangu mimi hapo ndipo pombe ilipokuwa nzuri kuliko wakati wote. Kasoro niliyoiona ni moja: karai liliwaka moto mno, na sehemu ya unga iliungua, ikaacha uchungu mwishoni mwa ulimi. Nilipomwambia mwenye kilabu, hakukasirika. Aliita jikoni akauliza ni nani aliyekaanga Jumatano.

Hiyo ni kimpumu ya ulezi mtupu. Kilabu hiki, hata hivyo, kinauza na nyingine. Kwenye kona ya kulia, karibu na spika, pana mapipa ya plastiki yenye pombe ya mchanganyiko: unga wa mahindi, kimea kidogo cha kutia rangi, sukari, na hamira ya dukani. Huchukua siku mbili. Huchujwa mapema na kuuzwa katika vikopo vya lita, baridi, tayari kwa kunywa. Niliionja nayo kwa haki ile ile. Ni tamu mbele, kali nyuma, na katikati hakuna kitu. Haina harufu ya nafaka yoyote. Mtu aliyefumbwa macho asingeweza kusema kama imetokana na mahindi, mhogo au mkate uliolowekwa. Kazi yake ni moja, nayo inaifanya upesi: nilipoondoka, meza ya chungu walikuwa wanabishana juu ya bei ya mbolea, na meza ya vikopo mmoja alikuwa amelala.

"Kwa nini unaipika, mama, na unajua si nzuri?" nilimwuliza.

"Vijana wanataka kali," alisema. "Kijana akija ananiuliza, ipi inashika haraka? Hajawahi kuniuliza ipi tamu. Ile ya ulezi napika kwa ajili ya wazee, na wazee wanapungua."

Katika maneno hayo ndimo ilimo hatari yote. Tukiyapuuza tutapoteza zaidi ya kinywaji. Zamani ulezi ndio uliokuwa nafaka kuu ya Ufipa. Wakulima wa uwanda huu waliulima kwa ujuzi wao wenyewe wa matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mvua zinapokaribia kuisha walifukia majani ndani ya tuta yaoze, juu yake wakapanda maharage na mengineyo, na msimu uliofuata wakayavunja matuta na kutawanya udongo ule wenye rutuba, wakasia ulezi. Kisha mahindi yakaja kwa nguvu. Miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam bila kujali umbali. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 1974, ukawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya nyanda za juu iliyolisha taifa. Hilo lilikuwa jema, na sina sababu ya kulibeza. Lakini ulezi ulisogezwa pembeni. Ugali wake, mweusi na mzito, ukawa chakula cha wazee, na kwa kaya nyingi sababu kubwa iliyobaki ya kuulima ikawa pombe.

Tazama basi mambo yalivyofungamana. Ulezi una madini ya chokaa mengi kuliko mahindi. Huweza kukaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu, nayo mahindi bila dawa hayamalizi mwaka. Ni akiba ambayo babu zetu waliitegemea mvua zilipokosekana. Anayeinunua leo nafaka hii kijijini, tena kwa fedha taslimu, ni mama wa kilabu. Siku atakapoacha kupika ya ulezi na kubaki na mapipa ya sukari, mkulima atauliza ni ya nini kupalilia nafaka yenye punje ndogo namna ile, na mbegu itatoka mikononi mwa watu. Hivyo kijana anayeuliza ipi inashika haraka anaamua, bila kujua, ni nini kitapandwa katika shamba la baba yake.

Wataalamu wa nje waliliona jambo hili mapema kuliko sisi. Audrey Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1939 juu ya ardhi, kazi na chakula cha Wabemba, walio upande wa pili wa mpaka, aliipa pombe ya ulezi nafasi kubwa, kwa kuwa bila hiyo asingeweza kueleza ukarimu, heshima kwa watawala, wala kazi za ushirika. Aliyetaka msaada wa kulima alipika. Waliokuja kulima walikunywa. Mambo hayo wazee wa Msanzi bado wanayakumbuka vizuri.

Najua kuna watakaosema ninapamba ulevi. Hoja yao si ya kupuuzwa. Pombe imevunja nyumba, imekula karo za watoto, na imewatia wanaume wavivu kisingizio. Lakini wanaosema hivyo aghalabu huzitia pombe zote katika kapu moja, na hapo ndipo tunapoachana. Mwaka 2017 Serikali ilipopiga marufuku vile vifuko vidogo vya pombe kali tulivyoviita viroba, ilitambua kwamba namna ya kuuza kinywaji ni sehemu ya madhara yake. Kiroba kilinyweka njiani, peke yako, kwa dakika moja. Chungu hakinyweki hivyo. Anayetaka kweli kupunguza ulevi angeanza kwa kuuliza ni kinywaji gani kinachomtaka mtu akae, azungumze na asubiri.

Wapo pia watakaosema pombe ya kienyeji ni hatari kwa afya, na watakumbusha maafa ya Chitima, Msumbiji, Januari 2015, ambapo watu 75 walikufa kwa pombe ya msibani. Ni kweli, na ni vema yakumbukwe. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba sumu ilitengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika. Fundisho lake ni kwamba unga mbovu haufai kupikiwa pombe, kama usivyofaa kupikiwa ugali. Nalo linatupeleka pale pale kwenye mlango wa jiko ulio wazi na mpishi anayekagua nafaka yake punje kwa punje. Kuwadharau wapishi hakumkingi mnywaji na lolote.

Nikirudi kwenye chumba chenyewe, kina makosa ambayo yangerekebishika kwa gharama ndogo. Spika ni kubwa kupita chumba, nayo imewekwa upande wa mapipa, kwa hiyo wanaokunywa polepole wanapigiwa kelele na wanaokunywa haraka. Chungu ni kinywaji cha mazungumzo. Kukiwekea muziki wa kuziba masikio ni sawa na kumpa mtu kitabu na kumzimia taa. Viti vya plastiki vimepangwa kwa safu vikiitazama kaunta, kana kwamba tuko kwenye kituo cha mabasi. Uani kwake zamani, nimeambiwa, watu walikaa kwa duara. Duara hilo lingefaa kuingizwa ndani pamoja na bati na saruji. Mirija nayo ingefaa kuchemshwa mbele ya mteja. Maji ya moto yapo tele, na vijana wanaosema chungu ni uchafu wangekosa neno.

Zaidi ya hayo, bei haijakaa sawa. Kimpumu ya ulezi inauzwa karibu sawa na ile ya mchanganyiko, ingawa inataka nafaka ghali zaidi na siku nyingi zaidi. Mwenye kilabu anaogopa kuipandisha. Mimi ningemshauri apandishe, kisha aandike ukutani kwa chaki tarehe kila chungu kilipoanza kuloweka. Mteja akisoma kwamba anachokunywa kilianza siku kumi na tatu zilizopita, atakinywa kwa heshima nyingine, na atajua kwa nini analipa.

Sidai kwamba bia ya chupa haina sifa. Kampuni ya bia iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1933 imefanya kazi kubwa ya kuhakikisha chupa inayofunguliwa Sumbawanga ina ladha ile ile ya iliyofunguliwa Mwanza, na huo ni ustadi. Lakini ustadi wa Msanzi ni wa aina nyingine: pombe ya Juni si pombe ya Novemba, ya mama huyu si ya jirani yake, na mwenye ulimi uliozoea anaweza kuzitenganisha. Ulimi wa namna hiyo haurithiwi. Hufunzwa na waliotangulia, kwa kuonja pamoja na kubishana.

Hukumu yangu juu ya kilabu hiki, basi, ni hii. Jiko lake ni bora kuliko mengi niliyoyaona mkoani. Kimpumu yake ya ulezi ni kazi ya fundi, ikiondolewa ule moto uliozidi karaini. Mapipa ya kona ya kulia hayafai kuwa chini ya paa moja nayo. Atakayefika Msanzi na akaketi hapo, namwomba jambo moja tu: kabla ya kunywa amwulize mama, mbele ya vijana na kwa sauti, ulezi wa leo ulichipua siku ngapi.